Makaburi Mawili ya Mama Sostenes

Mimi ndiye kifungua mimba wa Dorika, kwa hiyo kwa haki alipaswa kuitwa Mama Salvina. Aliitwa hivyo mpaka mdogo wangu alipofaulu kwenda sekondari. Kuanzia hapo kijiji chetu kizima cha Samuye kikamwita Mama Sostenes, naye akaitika kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kuitikia jina langu. Wakati ule nilinuna kidogo, yakaisha. Hasira niliyonayo leo ni nyingine kabisa.

Sostenes alikuwa na kichwa, hilo silibishi. Mwalimu Otmar alimwazima kitabu cha habari za China ya kale, enzi ambazo mtoto wa mkulima aliweza kufanya mtihani wa mfalme, akashinda wenzake, akavikwa joho na kupewa wilaya aitawale. Alikisoma mpaka kurasa zikaanza kuchomoka. Alimsomea mama kwa Kisukuma, na mama alipenda zaidi pale ofisa mkubwa anapofiwa na mama yake, akaacha cheo na kurudi kijijini kuomboleza karibu miaka mitatu.

"Huyo alilelewa," mama alikuwa anasema. "Rudia hapo."

Sostenes alikuwa anaparuka hapo ili awahi kwenye mtihani.

Ng'ombe nilichunga mimi. Hayo nayameza. Lakini kwetu lipo jambo lisilo na msamaha: jirani akifa, kila kaya inatoa mwanaume mwenye jembe akachimbe kaburi. Usipokwenda, siku ukifiwa wewe, watu watakuja, watakaa, na watakutazama tu. Baba alikuwa ameshafariki, hivyo mwanaume wetu alikuwa Sostenes. Kila ulipotokea msiba mama alimwambia, "Baki usome, baba," kisha akaenda yeye. Wanawake hawachimbi kaburi, basi akawabebea wachimbaji maji, kisha akarudi kupika na kukata kuni pamoja na wanawake wenzake. Alifanya fungu lake na fungu la mwanawe. Majirani walinyamaza kwa kumheshimu yeye, si kwa kumheshimu huyo msomi.

Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyopanda. Kidato cha sita, chuo kikuu, halafu usaili wa serikali uliojaza ukumbi mzima, akachukuliwa yeye. Sasa ni mkuu wa idara katika halmashauri moja mkoani Geita, ana gari na dereva, na watu wazima humngoja kwenye benchi. Misiba ya Samuye alikuwa anatuma pole kwa simu. Mama alizeeka akiwa bado anabeba maji kwa niaba yake.

Mama akafariki. Sostenes alifika, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akauliza mazishi ya kesho yatakwisha saa ngapi, maana ana kikao. Kikao! Mageni, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mkali asiyependwa hata na mbwa wake, alimjibu mbele ya wote.

"Majembe tunayo. Lakini uanze wewe. Ukipiga jembe la kwanza, sisi tutamalizia."

"Shikamoo mzee wangu. Mimi nitatoa faini. Hata ng'ombe, nitamleta."

"Marahaba. Ng'ombe wako hatumtaki. Tunaitaka mikono yako."

Basi, ni hilo tu walilotaka. Nilimvuta pembeni nikamsihi akapige jembe moja, mama azikwe na watu aliowatumikia maisha yake yote.

"Dada, kuna watu wa ofisini wanakuja," alisema. "Wanione nachimba? Niachie, nitalimaliza."

Kesho yake asubuhi nikasikia vishindo nyuma ya nyumba. Usiku alikuwa ametuma gari Rwamgasa, machimboni huko Geita, kuleta vijana wanaochimba maduara, yale mashimo ya dhahabu, nao walikuwa wameshazama kaburini mpaka mabegani. Kuta zimenyooka, kazi safi. Majirani walisimama pembeni, majembe begani. Nilikuwa na hasira, ila vijana wale hawakuwa na kosa. Niliwapelekea maji.

"Shikamoo mama," alisema kiongozi wao, Fredy. "Wewe ni jirani wa marehemu?"

"Marahaba. Ni mama yangu mzazi."

Akaacha kuchimba. "Mama yako? Bosi alituambia ni bibi mmoja hana watu. Ndiyo maana tukakubali kuja."

"Bosi yupi?"

Akamwonyesha Sostenes, aliyekuwa kwenye simu karibu na gari.

"Yule ni mwanawe," nikasema.

Fredy aliweka sululu chini, akapanda juu. Wenzake wakamfuata bila kuambiwa.

Hana watu! Mama yangu! Nilipiga kelele, na nilisema kwa Kisukuma ili hata bibi kizee wa mwisho aelewe: Sostenes amewaambia wageni kwamba Dorika hana watu. Sostenes alikata simu.

Mageni alilitazama lile shimo, akatema mate pembeni.

"Fukieni," alisema. "Dorika hazikwi humo. Watu wake ni sisi, tutamchimbia wenyewe."

Majirani wakalifukia lote, wakasogea upande wa pili wa uwanja, wakaanza upya. Vijana wa Rwamgasa waliomba kusaidia, wakapewa nafasi. Sostenes naye alivua koti, akakunja mikono ya shati, akanyoosha mkono kwa mmoja, kwa mwingine, kwa mwingine. Hakuna aliyempa jembe.

Katekista alipomaliza sala ukafika wakati wa udongo, ambao kwetu huanza watoto wa marehemu. Nilitupa wangu. Sostenes akaja na wake kiganjani, analia, na watu wa ofisini wanamtazama. Nikamshika mkono.

"Ngoja," nikamwambia. "Watu wake wamalize kwanza."

Akaenda kusimama nyuma ya vijana wa Rwamgasa.