Mvua Iliyowafuata Wakasai

Asubuhi ile ya kiangazi Salomé Biuma alifunika sufuria ya bukari, ule ugali wao, kwa kitambaa, akaifunga nyuma ya baiskeli, akaelekea gare, kituo cha treni. Barabara ilikuwa kavu, vumbi jekundu likimpanda miguuni. Alipofika kwenye reli ya kwanza akashuka, akavaa koti la mvua, akaendelea kwa miguu. Pale gare mvua ilikuwa ikinyesha, kama ilivyonyesha tangu Wakasai waanze kulala hapo. Haikunyesha sokoni, wala penye kanisa la Wamethodisti. Iliwanyeshea wao tu. Watu wa mji walikwisha kuzoea. Mwenye shughuli gare alibeba mwavuli.

Wakasai walikuwa wengi kuliko paa. Mwaka ule wa 1993 walifukuzwa majumbani mwao, kwanza kwa hotuba, kisha kwa mapanga, wakaambiwa warudi kwao Kasai, ambako wengi hawakuwahi kukanyaga. Treni ya kuwachukua ilikuwa haijaja. Kati yao alikuwemo Marie-Thérèse Mbiya, jirani yake Salomé ukuta kwa ukuta, mwalimu aliyemfundisha Béni, mwana wa Salomé, kusoma. Alikaa juu ya sanduku lililolowa, kichwa cha mama yake mzazi, Débora, kikiwa mapajani pake. Débora alikuwa akikohoa.

Salomé alikuwa karani wa kituo cha hali ya hewa. Kila asubuhi alisoma vipimo, akavitamka kwa fonia, ile redio ya ofisini, hadi Lubumbashi. Kutoka huko vikaenda ng'ambo, kwenye ofisi inayokusanya vipimo vya mataifa yote. Mvua ya gare ilipozidi kudumu, alikwenda kusimika kipimamvua pale, kwa kuwa kazi ni kazi.

Ng'ambo walifurahi mno. Kwa muda mrefu ramani yao ilikuwa na pengo jeupe juu ya Zaire, maana vituo vingi vilikuwa vimenyamaza.

"Mama Béni," Marie-Thérèse alimwambia alipopokea bukari, "bale ba Ulaya, banajua kama chini ya hii mvua kuko bantu?"

Salomé akasema atawaambia, na akawaambia. Katika ujumbe wa kila siku mvua ilikuwa na tarakimu zake, upepo zake, mawingu zake. Watu hawakuwa na tarakimu, basi aliwataja kwa maneno, mwishoni. Jibu lilirudi upesi: anashukuriwa kwa ushirikiano wake, ila mambo yasiyohusu hali ya hewa asiyaongeze.

Kisha ikaja ndege, katika mji ambao wagawaji wa misaada ya vyakula na dawa walisema haufikiki. Iliteremsha wataalamu wa mataifa mbalimbali, mashine iliyofungwa kwa pamba, na turubai kubwa la kuikinga, kwa maana mashine ile ya kupimia mvua haikutakiwa kulowa. Wakaizungushia ua. Mkuu wao, mtu mpole, akaona moshi wa mafiga unaharibu vipimo, akaomba watu wasogezwe. Askari wakawasogeza ng'ambo ya reli. Mvua ikawafuata. Wataalamu wakahamisha ua, na watu wakasogezwa tena.

Salomé alimwendea yule mkuu, akamwomba ndege ikirudi imchukue Débora mpaka hospitali Lubumbashi. Viti vilikuwa vitupu. Aliviona kwa macho yake. Mkuu akamsikiliza mpaka mwisho, akamweleza kwa huruma kwamba ndege imetolewa kwa kazi ya anga, na mkataba wa mataifa hauruhusu abiria. Ikaruka na viti vyake.

Débora akafa alasiri ile. Wakamzika nyuma ya bohari la reli, na maji yakaingia kaburini kabla ya udongo. Marie-Thérèse hakulia. Alitazama upande wa ua, akasema, "Mashine iko na nyumba."

Salomé akaondoka pale kaburini moja kwa moja hadi ndani ya ua. Akazikata kamba. Akalivuta turubai, akaliburuta matopeni mpaka kwa wanawake wenye watoto wachanga. Mkuu akaja mbio, akimwuliza kwa Kifaransa anafanya nini.

"Minafunika bantu," Salomé akasema. "Weye funika mashine na mukataba yako."

Wanaume wakalishika turubai pembeni, wakalifunga kwenye nguzo. Mashine ikalowa, ikanyamaza.

Treni ilipokuja, ilikuwa ya mabehewa ya wazi, yale ya kubebea makaa ya mawe ya Luena. Watu wakapanda, na turubai wakapanda nalo. Mvua nayo ikapanda, ikatanda kuanzia behewa la kwanza hadi la mwisho, ikaenda zake njia ya Kaniama, kuelekea Kasai. Kabla ya adhuhuri gare ilikuwa imekauka.

Juma lile Salomé aliitwa kwenye fonia. Karani wa Lubumbashi akamsomea ujumbe wa ng'ambo: kazi yake imekwisha, pengo katika vipimo limewasikitisha, turubai liko wapi, na mtaalamu mwingine yuko njiani kwenda Kasai kuingoja mvua.

"Na juu ya bantu?" Salomé akauliza.

Fonia ikakwaruza. Karani alikuwa akiusoma tena ujumbe, tangu juu.

"Hapana, Mama," akasema. "Njo ile tu nilisoma."