Nyumba ya Bibi Kwenye Nyekundu

Mchora ramani alipoiona nyumba ya bibi yake ndani ya rangi nyekundu, chai ilimpalia. Nyekundu ni mteremko mkali unaoweza kuporomoka, na wakubwa walikwisha sema: ramani ikikamilika, aliye kwenye nyekundu ahame.

Ahame aende wapi, bibi aliyemlea tangu hajaota meno?

Kubadili rangi ya kiwanja kimoja ni kubofya tu. Kidole kikamwasha. Akakikunja, akachukua vipimo vyake, akaenda kwa bibi.

"Mke mwenzangu!" bibi akampokea mlangoni. "Umekuja kunipima sanda?"

"Bibi, koma! Ramani yangu inasema nyumba yako imening'inia gengeni."

"Basi mimi popo."

Mjukuu akapima uwanja kutoka mlangoni hadi kwenye mikaratusi. Bapa kama meza. Akainua macho kutazama vilele vya miti, na hapo akaelewa. Chombo kilichopima miinuko kutoka angani hakikufika chini. Kiligusa vichwa vya miti kikadhani ndiyo ardhi. Miti ilipoishia, kompyuta ikaona genge.

"Kitendawili!" akasema, akimtangulia bibi kwa mara ya kwanza maishani.

"Tega, tuone."

"Kilima changu hakina udongo."

Bibi akakuna kichwa weee. "Haya, chukua mji."

"Miti yako hiyo!"

"Mchawi wewe," bibi akasema, akicheka mpaka akashika ukuta.

Ofisini mjukuu akatoa urefu wa miti kwenye kilima kizima, si kwa bibi peke yake, akachora upya. Nyumba ikawa kijani, rangi ya usalama, na za majirani pia. Lakini nyuma ya nyumba ya bibi majani yalikuwa yameliziba korongo. Miti ilipoondolewa kwenye ramani, korongo likaachama, na jiko la bibi, lililojengwa peke yake huko nyuma, likaingia kwenye nyekundu. Nyekundu ya haki.

Kidole kikamwasha tena. Akapiga simu.

"Bibi, nyumba imepona. Jiko halijapona."

Jiko lile babu alilijenga kwa mikono yake.

"Ungeweza kuniachia," bibi akasema polepole.

"Ningeweza. Halafu mvua inyeshe, udongo uteleze, nawe umo ndani unapuliza moto?"

Bibi akaguna. "Mjukuu gani huyu, anakupa nyumba anakunyang'anya jiko! Haya. Jumamosi njoo na nguo za kuchafuka. Utabomoa wewe. Mimi nitakaa kitini nikusimange."