Neno Nililomwandikia Mzee Shemhilu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepigiwa hodi na neno.

Nilikuwa jikoni kwangu, Pasua, mjini Moshi, nachambua mchele. Nikaitikia karibu bila kugeuka, nikidhani ni jirani. Lilipoingia nikaliona: HAFAI, herufi tano, kimo chake hakizidi meza, limechakaa pembeni na lina vumbi mpaka kwenye ile A ya pili.

"Shikamoo, mama," likasema.

"Marahaba," nikajibu, maana sikuona jibu jingine.

Nililitambua. Nililizaa mimi mwenyewe, miezi saba iliyopita, kwa kidole kimoja.

Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika. Kazi naipata kwenye tovuti moja, ambako mteja akishapokea kazi humpa aliyeifanya nyota, moja mpaka tano, na maneno machache. Wateja wanaofuata husoma hayo kwanza kabla hata ya jina. Nilipozidiwa na kazi ya watu, niligeuka mteja na mimi: nikampa Mzee Shemhilu, karani mstaafu wa mahakama anayeishi Korogwe, saa sita za mahojiano na wakulima wa mahindi. Alileta kazi safi sana, ila nusu yake haikuwepo. Mwenye kazi akanifokea, nikamwambia kosa ni la mzee, kisha nikampa mzee nyota moja na neno moja.

Siku ya tatu niligundua kwamba faili la pili sikulituma. Lilikuwa kwangu muda wote. Mzee alikuwa ameniandikia ujumbe mmoja tu, akiomba nimwonyeshe alipokosea ili arekebishe. Sikumjibu.

Basi neno likaniomba tufuatane. Likasema lina kazi asubuhi hiyo, na kwa siku nyingi limetamani nije nione mahali nilipolituma. Nikakubali. Likasema asante.

Tukatoka kwa mlango wa jikoni, tukatokea kwenye korido ndefu yenye milango pande zote mbili, kama ya hospitali ya mkoa. Nyuma ya kila mlango kuna mteja. Mzee Shemhilu yuko mbele yetu, koti la kijivu, bahasha kwapani, anatembea bila haraka. Kila anapoukaribia mlango, neno linachomoka, linamtangulia, linagonga, linajitaja jina. Mlango unafungwa. Haupigwi kwa kishindo. Unafungwa kwa adabu, na mzee anaushukuru, anakwenda kwenye unaofuata.

Neno likarudi kwangu likihema. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," likasema. "Miguu yenyewe ndiyo hii."

Likanieleza kwamba halina ugomvi na mzee. Yeye hulisalimia kila asubuhi, na siku moja mvua iliponyesha alilifunika kwa bahasha yake. Nikaliuliza kwa nini basi lisipumzike.

"Hujaniita, mama."

"Nakuita sasa. Rudi nyumbani."

Likatikisa H yake. Likasema kuitwa kwa mdomo hakutoshi, lazima twende ofisini.

Ofisi ilikuwa palepale tulipokuwa tumesimama. Nyuma ya meza kulikuwa na stepla iliyovaa miwani. Nikaieleza shida yangu. Stepla ikanisomea kanuni: aliyeandika maneno juu ya mtu ana siku kumi na nne za kubadili mawazo. Kisha ikanionyesha benchi lililo wazi chini ya dirisha.

"Siku zako zilikaa pale," ikasema. "Zote kumi na nne, zimevaa nguo za kutokea. Zikawa zinachoka, zinaaga moja moja. Ya mwisho ilingoja mpaka tunafunga. Ilikuwa inakutetea. Ilisema labda umechelewa njiani."

Nikasema nilikuwa na kazi nyingi.

"Siku zote kumi na nne?"

"Nilikuwa naogopa," nikasema. "Ningelifuta, yule mwenye kazi angejua nilimdanganya. Na mimi nina nyota zangu za kulinda."

Stepla ikalichukua jibu langu, ikalibana pamoja na mengine yanayofanana nalo. Rundo lilikuwa limefika darini. Ikasema inasikitika, na nikaona kwamba inasikitika kweli.

Nilipogeuka kutafuta mlango nilikuwa sebuleni kwa Mzee Shemhilu, Korogwe. Ilikuwa saa sita mchana, lakini katika nyumba ile jua halikuhesabiwa. Mwanga ulitoka kwa nyota zilizotundikwa ukutani kama taa. Mkewe, Bi Saumu, akanikaribisha kiti na kuniambia kwamba zamani zilikuwa tano kasoro kidogo, na mumewe aliweza kusoma hata maandishi ya mgongoni mwa dawa. Sasa zinawaka tatu na kipande. Mzee alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, pua karibu na kioo, vidude vya kusikilizia masikioni.

Nikauliza anafanya kazi ya nani.

"Yako," akasema Bi Saumu. "Kila asubuhi anaisikiliza upya ile rekodi. Anatafuta mahali aliporuka. Bado hajapaona."

Mkulima mmoja akakohoa ndani ya rekodi. "Mwambie, mama," akasema kwa sauti ya uchovu. "Tumeeleza habari za viwavi miezi saba. Na sisi tuna mashamba."

Nikasimama. Neno lilikuwa limekaa kizingitini, likitazama chini.

"Baba," nikasema, "faili la pili lilibaki kwangu. Sikukutumia. Niligundua siku ya tatu, nikanyamaza."

Mzee akavua vile vidude taratibu, akavizungushia waya wake, akaviweka juu ya meza.

"Kwa hiyo sikuruka kitu?"

"Hukuruka hata neno."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani ni masikio. Nilimwambia Saumu, masikio yameanza kuniaga."

Nilingoja anifokee. Hakunifokea. Ukutani haikuongezeka nyota hata moja, nilizitazama sana. Bi Saumu alileta chai, na mzee akataka neno nalo lipewe kikombe, kwa kuwa limetembea tangu alfajiri. Tukanywa sote wanne katika mwanga ule hafifu, na chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Nilipoaga, mzee akachukua koti akanisindikiza mpaka barabarani, mkono wake begani kwangu, kama tuliotoka msibani.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, na koo langu lilikuwa linawasha. Nikachukua simu kuangalia saa. Kwenye ile tovuti kulikuwa na ujumbe ulioingia dakika nne zilizopita, kutoka kwa Mzee Shemhilu.

"Mwanangu, umefika salama?"