Kidole cha Waziri

Kwa mchoraji wetu hapa London, wakubwa huja kuchorwa uso tu. Mikono ya Bwana Thorley, waziri wa Mfalme, ilichorwa kwa kunitazama mimi mtumishi, nimevishwa joho lake.

Mkewe alipokuja naye kuiona picha, akahesabu vidole vya mkono wa kushoto. "Vitano? Mume wangu ana vinne!"

"Kiache, bibi," Waziri akasema. "Wajukuu wanione mzima."

"Mzima! Kilikatwa vitani ukimwokoa kaka yangu. Utawaambia kaka alijiokoa mwenyewe?"

Waziri akamwashiria mchoraji akiondoe. Rangi ilikuwa bado mbichi. Mchoraji akachukua kisu, akakikwangua kidole changu taratibu, na yule bibi hakuketi mpaka kikaisha.