Kona ya Nne ya Turubai

Ilipogonga saa tatu asubuhi Léontine alikuwa ameshabandua majani yote ya kabichi yaliyotobolewa na mvua ya mawe ya wiki iliyopita, ameyajaza kwenye karai, na alikuwa ameliangalia turubai la jirani yake mara sita. Wahenga husema hasidi hana sababu. Basi wahenga hao hawakuwahi kulima bonde la Dadamu. Léontine sababu alikuwa nayo, tena ya rangi ya kijani, futi ishirini kwa kumi na tano, imepigwa muhuri wa jeshi pembeni, imekunjwa vizuri juu ya gogo kwenye bustani ya Kaltumu.

Bonde hilo lilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini Arua. Miaka sita kabla lilikuwa kinamasi tu, matete na ruba, na wenyeji wenye mashamba ya ukoo hawakulitaka hata kwa kuchungia mbuzi. Waliokubali kuingia humo walikuwa watu wasio na pa kwenda: Wakongo waliovuka mpaka wakati wa vita, na Wanubi wa mjini kama Kaltumu, ambao babu zao walikuja na jeshi kutoka Sudan wakaachiwa nyumba bila shamba. Walikuwa kumi na mmoja. Walichimba mifereji kwa mikono, maji yakashuka mtoni, udongo mweusi ukatokea. Tangu hapo kabichi na nyanya za mjini zilitoka hapo. Léontine alikuwa amevuka na binti yake Régine mgongoni. Sasa Régine alikuwa darasa la saba, na kila kilichomfikisha huko kilikuwa kimeota kwenye matuta yale.

Mwezi wa Juni ndio uliokuwa rafiki yao. Kila mwaka mvua hupumzika wiki tatu, jua linatoka, nyanya zinaiva. Mwaka huu, 1976, Juni ilikuwa na kichaa. Asubuhi jua la kuchoma, saa nane radi, saa tisa jua tena. Jumanne ya wiki iliyopita mawe yalipita upande wa juu wa bonde, mahali penye bustani mbili tu, ya Léontine na ya Kaltumu. Nyanya za Léontine zote zililala chini. Za Kaltumu hazikupoteza hata jani, maana zilikuwa chini ya turubai.

Na kama hilo halitoshi, tangazo lilikuwa limetoka kwa chifu. Serikali inataka watu wazalishe maradufu. Alhamisi jioni bwana shamba atakuja kukagua bonde, na bustani itakayoonekana mbaya kuliko zote mwenyewe ataondolewa, apewe mtu mwenye nguvu. Bustani tisa za chini hazikuguswa na mawe. Haikuhitaji elimu kujua mbaya itakuwa ipi.

Leo ilikuwa Alhamisi.

"Mama Régine," Kaltumu aliita kutoka ng'ambo ya mfereji. "Kuja kunywa chai. Sukari iko."

"Minashiba, dada."

Hakuwa ameshiba. Alikuwa amekula kiazi kimoja alfajiri. Lakini sukari mwaka ule ilikuwa ya nyumba zenye mwanamume wa magwanda, na Kaltumu alikuwa na shemeji yake Nasur, fundi wa magari kambini. Nasur ndiye aliyeleta sukari. Nasur ndiye aliyeleta turubai, lilipovuliwa kwenye lori bovu. Léontine alikuwa na nani? Mume aliyebaki ng'ambo ya mpaka mwaka wa sitini na nne, ambaye hakujua kama ni wa kuombewa kurudi au wa kuombewa kupumzika. Roho ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwa sababu Kaltumu alikuja na kikombe mwenyewe, akakiweka juu ya tuta.

"Kunywa tu. Leo mvua nakuja."

"Jua iko kali namna hii?"

"Jua hii ya uongo. Ona sisimizi, nabeba mayai yao nakwenda juu." Kaltumu alijifunga kanga yake nyekundu kiunoni. "Tufunika kabichi yako kwanza. Halafu wewe nashika kamba yangu moja. Nasur nasema hii turubai hapana funga kona zote nne, upepo napasua yeye. Tatu tunafunga. Ya nne mutu nashika na mkono. Upepo nakuja, nalegeza. Upepo naenda, navuta."

"Nitashika," alisema Léontine.

Asingeweza kusema vingine. Bonde lile lilikuwa na desturi yake tangu wote wakiwa na mikeka ya matete tu: radi ikilia, hakuna anayekataa kushika kifuniko cha mwenzake. Mtu aliweza kukunyima chumvi, akakunyima hata salamu, lakini kamba hakunyimi.

Wakafunika kabichi pamoja. Kaltumu alibeba mawe makubwa ya kukandamizia mikeka, akihema, akicheka, akimsimulia habari za mama yake anayeishi Lurujo, huko Koboko, ambaye anakataa kuhamia mjini. Léontine aliitikia ee, ee. Laiti mwanamke huyu angekuwa mchoyo au mwenye kiburi, wivu ungekuwa mwepesi. Sasa kila jiwe alilobeba lilikuwa deni jingine. Léontine alimtazama mikono, akaona bangili mbili za fedha, akazichukia hata hizo.

Saa saba na nusu anga upande wa Kongo likawa jeusi. Upepo wa kwanza ulileta harufu ya vumbi lililolowa. Léontine akachukua jembe lake akalitupa nje ya tuta, makali juu, kama mama yake alivyokuwa akifanya ili mawe ya mvua yakatike kabla ya kuanguka.

"Toa kwanza ile nguo nyekundu," alisema. "Radi inaipendaka."

"Radi ingetaka mimi, ingekuja zamani," alisema Kaltumu, akigongelea kigingi cha tatu.

Kisha mvua ikaja yote kwa mkupuo. Kaltumu aliingia chini ya turubai kushikilia fito za nyanya, Léontine akachuchumaa ukingoni na kamba ya nne mkononi. Baada ya maji yakaja mawe, kwanza madogo kama punje za mahindi, halafu makubwa. Juu ya turubai kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba hawakusikiana tena. Upepo ulikuja, Léontine akalegeza. Ukapita, akavuta. Kazi ilikuwa rahisi. Aliifanya vizuri kwa muda mrefu.

Shida ni kwamba pale alipochuchumaa aliona vyote viwili. Mbele yake nyanya za Kaltumu, zimefungwa vizuri kwenye fito, nyingine nyekundu, nyingine zimeanza kugeuka, kavu kabisa. Nyuma yake mikeka yake ya matete, inachapwa. Mmoja ukainuka, ukaenda. Kabichi zilizokuwa chini yake zikaanza kupokea mawe vichwani. Bwana shamba atafika saa kumi. Atapita hapa kwanza, aone hii, halafu aruke mfereji aone ile. Ataandika. Mtu wa kuondoka atakuwa yeye, arudi wapi, na Régine afanyiwe nini? Lakini kama hii nayo ingelala, zingekuwa mbaya mbili, na yeye angebaki na kabichi.

Upepo ukaja tena.

Tusidanganyane hapa. Kamba haikumponyoka, wala haikumkata kiganja, wala hakupigwa na jiwe. Alifungua vidole.

Turubai liliinuka kona moja, likajaa hewa, likang'oa vigingi vitatu mara moja. Lilipita katikati ya nyanya likikokota fito zake, likaruka mfereji, likaenda kulala mtoni. Mawe yakashuka juu ya kila kitu. Kaltumu alibaki amesimama katikati ya matuta, mikono bado imeshika fito mbili ambazo hazikuwa na kitu. Léontine alijifunika kichwa kwa karai. Ndani ya karai, kelele ya mawe ikimziba masikio, alisikia furaha. Ilikuwa furaha kweli, ya moto, kama ya mtu aliyekula akashiba. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote jinsi ilivyokuwa tamu.

Mawe yalipokoma Kaltumu alikuja polepole, damu kidogo kwenye paji la uso.

"Kamba ilikuwa na mayi ya mvua," alisema Léontine. "Iliteleza."

"Ndiyo," alisema Kaltumu. "Mvua ni kali."

Akaenda mtoni kutafuta turubai. Alirudi na kipande tu.

Bwana shamba Dramadri alifika saa kumi na dakika chache, anasukuma baiskeli kwenye tope, suruali ameichomeka kwenye soksi. Pikipiki ya idara ilikuwa haijaona petroli tangu Pasaka. Alikuwa na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Alipita bustani tisa za chini kwanza, tuta kwa tuta, akihesabu kwa sauti, kisha akapanda juu.

"Hii nyanya imekuwa nini?" alimuuliza Kaltumu. "Wewe hukufunika?"

"Upepo, bwana."

Akaandika. Akaruka mfereji. Kwa Léontine aliinua mikeka mmoja mmoja kwa ncha ya kiatu. Tuta moja lilikuwa limepondwa, manne yalikuwa yamesimama.

"Hii kabichi iko nzuri," alisema, akaandika tena.

Moyo wa Léontine ukapanda. Aliposikia kwamba nyumbani kwa bwana shamba hawajala kabichi mwezi mzima, hakungoja kuambiwa mara mbili, akakata mbili kubwa akazifunga mwenyewe kwenye keria ya baiskeli. Dramadri alivua kofia, akaruka mfereji tena, akaokota nyanya za Kaltumu ambazo hazikupasuka, akaijaza, akarudi. Kisha akatoa karatasi kutoka mfuko wa shati, akampa Léontine.

"Wewe unajua kusoma. Somea huyu, halafu shuka somea wale wengine. Mimi giza itanikuta."

Ilikuwa imepigwa taipu, na mihuri miwili. Léontine alisoma kwanza kwa macho, midomo ikicheza. *Bonde lote kutoka barabarani hadi mtoni limekabidhiwa kwa Kapteni mmoja, ambaye jina lake limeandikwa hapa chini, kwa kilimo cha kuzalisha maradufu. Wanaolima sasa wataondoka kabla ya tarehe 30 mwezi huu. Mazao yaliyomo ni mali ya shamba.* Akarudia. Halafu macho yakapanda juu ya karatasi, kwenye kona, yakakaa hapo.

"Bwana shamba, hii tarehe ni kumi na ine."

"Ndiyo."

"Ile ni Siku ya Kwanza. Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Sasa umekagua nini?"

Dramadri alikuwa anafunga mfuko wa nailoni, na kazi hiyo ilimchukua muda kuliko ilivyohitaji. "Mama, nilitumwa kukagua, nimekagua. Nilitumwa kuleta barua, nimeleta. Mwenye nguvu mpishe. Usinitafutie maneno."

Akasukuma baiskeli yake, kabichi zikitikisika nyuma, mpaka barabarani.

Kaltumu alikuwa amesimama ng'ambo ya mfereji akikamua kanga. Alisoma Kiarabu cha madrasa, hizi herufi nyingine hazikuwa zake. "Barua nasema nini? Ni mimi naondoka? Sababu ya nyanya?"

Neno moja tu lingetosha. Angesema ndiyo, na Kaltumu angeilaani mvua mpaka kufa kwake, na ile kamba ingezikwa humo humo kwenye tope. Léontine alilifikiri neno hilo. Halafu akafikiri kwamba Kaltumu ana mama Lurujo, ana shemeji kambini, ana nyumba mjini ya babu yake, na kwamba hata wakifukuzwa wote siku moja yeye Kaltumu atakuwa anafukuzwa kwenda mahali. Wivu ukamuuma tena, palepale, kana kwamba haukuwa umefanya kazi ya kutosha siku hiyo.

"Si nyanya," alisema. "Bametunyanganya wote, kumi na moja. Iliandikwa Siku ya Kwanza. Hata nyanya yako ingesimama yote, ilikuwa ni vile vile."

Kaltumu aliacha kukamua kanga.

"Dada, kamba haikuteleza. Niliachia."

"Mimi najua. Nilikuwa naangalia mkono yako."

"Sasa mbona ulinyamaza mbele yake?"

"Niseme kwa nani? Kwa yule?" Kaltumu alinyoosha kidevu kuelekea barabarani. "Na barua nasema nini kuhusu mazao?"

"Inasema ni mali ya shamba ya Kapteni. Tusiguse."

Kaltumu aliinama. Akashika shina la mnyanya, akaling'oa na mizizi, nyanya mbichi zikining'inia, akalitupa kwenye gunia. Akang'oa la pili. Léontine alitazama kidogo, kisha akachukua kisu. Alikata kabichi kubwa, akakata za kati, akafika kwenye zile ambazo hazijafunga kichwa, ambazo hata mbuzi hawezi kushiba nazo, akazikata pia, usawa na udongo. Walifanya hivyo kila mtu upande wake wa mfereji, na hakuna aliyeitwa kunywa chai.

Jua lilikuwa limerudi, lile la uongo. Kaltumu alipomaliza tuta la mwisho alijitwika gunia. Alipita karibu na Léontine na hakumtazama.

"Shuka kwa watu kabla giza," alisema. "Na ukisoma, anza na tarehe."

Léontine akafuta kisu kwenye sketi, akashuka na karatasi. Kwenye bustani ya kwanza mzee Laku alikuwa anainua mikeka yake, anafurahi kwamba kabichi zake zote zimepona na bwana shamba amezisifu. Léontine akaifungua karatasi mbele yake, akaanza na tarehe.