Pori la Mama Mkwe

Mama alipojifunika kitenge uso mzima, katikati ya kikao cha bunge la jimbo kule Lubumbashi, watu wa roshani ya wageni walidhani analia. Mwanamke mmoja akampa leso. Mimi niliyeketi ubavuni pake nilijua halii hata chembe. Chini yetu, mbele ya kipaza sauti, mume wangu Gracien, mbunge wa Likasi, alikuwa akivihutubia viatu vyake.

Kwetu sisi Waluba, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Si uadui, jamani, ni heshima. Mama yangu, Albertine, akija kwetu, Gracien huhamia baraza ya nyuma na sahani yake, na maneno yao yote hupitia kwangu. Wanasikiana vizuri kabisa, ukuta wenyewe mwembamba, lakini lazima nirudie kila neno. Ndiyo kazi yangu ya ndoa.

Ugomvi wao uliletwa na pori la serikali, kilimani, njia ya Kapolowe. Mama na wenzake wa parokia huokota uyoga huko mvua zikianza. Wachoma makala, yaani mkaa, walikuwa wamekata miti hadi karibu na kilele. Gavana akatia sahihi amri: pori sasa ni hifadhi, shoka marufuku, wanawake wa uyoga ruksa. Siku ile mama alicheza, na mguu wake mbovu hivyohivyo.

Na nani basi akaja kuandika sheria ya kumbana gavana? Mume wangu mimi! Gavana asifunge ardhi ya umma kwa sahihi yake peke yake. Amri zake, hata zilizokwisha kutolewa, zife baada ya miezi mitatu zisipopata kura ya bunge.

"Blandine," mama akaniita jikoni, kwa sauti ya kufika barazani. "Uulize bwana yako: pori yangu ilimukosea nini?"

Nikaenda, nikauliza.

"Umuambie mama, huyu gavana anapenda miti. Mwenye atakuya kesho anaweza kufunga mashamba ya bantu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Umuambie, ile kidole moja ndiyo ilifukuza bantu ya makala!"

Nilicheka hadi nikamwaga mboga. Gracien hakucheka. Alifiwa na mama yake angali mdogo, na huyu wangu ndiye aliyemwombea novena katika kila jambo lake. Aliogopa kumpoteza. Lakini aliogopa pia kumwachia mtu mmoja ufunguo wa jimbo zima.

Siku ya kikao mama akasema twende. Sikujua anakwenda kufanya nini, na kusema kweli nilihofia atapiga kelele. Tukapewa viti vya mbele, mkabala na pale wabunge wanapohutubia. Gracien akapanda, akainua kichwa, akatuona. Kichwa kikashuka palepale, maneno yakaanza kumkwama.

"Mheshimiwa, hatukusikii," akasema spika.

Mpinzani wake, Firmin, akasimama. "Muntu wa kweli anaangalia bantu mu macho! Huyu anaficha nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Sheria ilikuwa inamfia mdomoni, na mama hakuhitaji kufanya lolote ila kukaa vilevile alivyokaa. Ndipo alipofungua kitenge chake cha juu kiunoni, akajifunika kichwa na uso.

Gracien akaona. Akavuta pumzi, akainua macho, akasema kama ninavyomjua. Sheria ikapita.

Ndani ya taxi-bus ya kurudi nikamwuliza: mama, mbona ulimpa nafasi? Umejipotezea pori mwenyewe.

"Pori ni pori," akajibu. "Ule ni mutoto yangu. Nibaache bamucheke mbele yangu?" "Lakini umuambie nimekasirika."

Miezi ile mitatu Gracien hakukaa nyumbani. Aliwazungukia wabunge mmoja mmoja, hata Firmin, akiliombea pori kura. Siku ya kura mama alikuwa jikoni kwangu akisonga bukari, ugali wetu, redio imezimwa kwa amri yake.

Tukasikia lango. Gracien akaingia mbio, tai imehamia begani, akaipita baraza, akanipita mimi, akaingia jikoni moja kwa moja na kumshika mama mikono yote miwili.

"Mama! Bamekubali! Pori imebaki! Hata Firmin amekubali!"

Kisha akatambua yuko wapi. Miaka yote ya ndoa yetu, na sasa wamesimama uso kwa uso. Akainamisha kichwa, akaanza kurudi nyuma. Mama hakumwachilia. Akamtazama polepole: paji la uso, pua, kidevu, nywele.

"Kumbe uko na mvi," akasema. "Ikala chini, mutoto yangu. Bukari inapoa."