Mtihani wa Agosti

"Amefaulu," Corinne alisema, akaiweka karatasi mezani. "Alama zile zile za Agosti. Hazikupanda wala hazikushuka."

Kocha Verlin Stucky hakuigusa. Aliitazama tu pale ilipotua, kati ya filimbi yake na kikombe cha kahawa iliyopoa. Corinne Voth alikuwa mtabibu wa timu, mwanamke asiyepoteza maneno, aliyefunga bandeji magoti na vifundo vya chuo kile kwa miaka kumi na minane, na leo alikuwa anatabasamu. Alidhani ameleta habari njema. Kesho, Jumamosi, ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu wa futiboli ya Kimarekani, na Thaddeus Guidry, kijana aliyegongwa kichwa wiki iliyopita hadi akashindwa kusema ni mwezi gani, alikuwa ameruhusiwa kurudi uwanjani.

"Vizuri," Kocha alisema. Corinne akaondoka na tabasamu lake.

Guidry ndiye aliyesimama katikati ya mstari wa mbele. Ndiye anayeuinamia mpira na kuurusha nyuma kati ya miguu yake, lakini kabla hajaurusha huwakagua wapinzani na kuwapigia wenzake kelele, neno moja tu, kila mmoja ajue amzuie nani. Mwondoe yeye, na wale wanne wengine wenye kilo mia na thelathini kila mmoja hubaki wanatazamana. Bila Guidry, kesho wangefungwa. Na wakifungwa, mkuu wa chuo alishasema kwa upole, huku akimmiminia Kocha chai, kwamba itabidi watafute kocha mwingine.

Hilo lilitosha kumnyima mtu usingizi, lakini silo lililomtia hofu. Lililomtia hofu ni zile alama za Agosti.

Kila Agosti, kabla hata jasho la kwanza halijamwagika, vijana wote tisini hukalishwa mbele ya kompyuta na kupewa mtihani wa kumbukumbu. Wanaonyeshwa maneno, wanaonyeshwa maumbo, wanaulizwa waliona nini. Alama zinahifadhiwa. Mtu akigongwa kichwa baadaye, anarudishwa kwenye mtihani ule ule, na alama mpya zinalinganishwa na zile za siku alipokuwa mzima. Zikishuka, haingii uwanjani. Ni kipimo kizuri, ila kina mlango wa uani: mtu akijifanya mjinga Agosti, Novemba hata akiwa amechanganyikiwa kabisa ataonekana yuko sawasawa.

Mlango huo vijana walionyeshwa na Kocha mwenyewe. Aliwaambia kwa mzaha, kama alivyoambiwa yeye na kocha wake enzi hizo mtihani ukiwa bado karatasi na penseli. "Agosti si wakati wa kujifanya maprofesa," ndivyo alivyosema, akakonyeza jicho, na chumba kizima kikacheka. Alikuwa akiusema mzaha huo kila mwaka, chuo baada ya chuo, na kila mwaka walicheka.

Vyuo vilikuwa tisa, hiki cha kumi. Miaka thelathini na mmoja. Huko kote Verlin alikata majani ya uwanja mwenyewe, akafua jezi, akaendesha basi la timu kwenye barafu huku vijana wamelala nyuma yake wakikoroma. Alikula kwenye meza za mama zao katika majimbo kumi na manne, akisifu kila sahani, akiahidi kila mama kwamba mwanawe atarejeshwa na shahada na meno yake yote. Na kila alipofukuzwa, Arlene, mkewe, alitoa maboksi stoo bila neno na kuanza na vyombo vya jikoni. Hapa tu, katika mji huu wa Orlow wenye upepo usiokwisha, ndipo Arlene alipopanda asparagasi. Mboga hiyo hukaa ardhini miaka mitatu kabla hujakata chipukizi la kwanza. Mke wa kocha haipandi. Yeye alikuwa ameipanda, na masika ijayo ingekuwa mwaka wa tatu.

Alasiri walifanya mazoezi ya kutembea, yale ya siku moja kabla ya mechi, bila helmeti wala kinga za mabega, kila mtu akipita njia zake taratibu. Kocha alisimama pembeni, mikono mfukoni, macho kwa Guidry peke yake. Kijana aliinama, akakagua mbele, akapaza sauti:

"Denver! Denver!"

Denver, moja ya maneno yao ya kuelekezana, walikuwa wameliacha tangu Septemba. Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akamuuliza kama amerudi mwaka wa kwanza. Guidry naye akacheka, ila alichelewa kidogo, akawa anacheka wenzake walipokwisha kunyamaza. Kocha akatoa mikono mfukoni, na upepo ulikuwa wa kukata masikio.

Jioni, mezani, alimwambia Arlene. Alimwambia yote: mzaha, karatasi, Denver. Arlene alikuwa anakata viazi, akaacha.

"Umemwambia Corinne?"

"Bado."

"Labda kijana amepona kweli, Verlin. Wewe si daktari."

"Labda."

"Basi mweke benchi. Sema goti. Nani atakuuliza?"

Alishalifikiria hilo la goti. Lilikuwa rahisi, na lilimtia aibu kwa urahisi wake. Atafungwa, atafukuzwa, lakini atafukuzwa kwa kufungwa, jambo ambalo hutokea kwa watu wazuri, na chuo cha kumi na moja kitampokea. Akisema ukweli, hakuna chuo kitakachomgusa. Arlene alikuwa anautazama mlango wa nyuma, kule bustanini, na Verlin akajua kwamba naye anaogopa, na kwamba anajichukia kwa kilichomtoka mdomoni. Wakala viazi vyao.

Ile "labda amepona" aliwahi kuisema yeye mwenyewe, tena kwa sauti ya uhakika, akimwambia mama yake Lyle Pruett. Hiyo ilikuwa katika chuo cha nne. Lyle alikuwa mkali, mchangamfu, hodari wa kugonga, na Agosti alifanya kama alivyoambiwa. Sasa Lyle ana miaka arobaini na minne. Kila Jumapili baada ya ibada humpigia Kocha simu, na kila Jumapili humuuliza wanacheza na nani wiki hii, na Kocha humjibu, na kabla hawajaagana Lyle humuuliza tena. Verlin hakuwahi kumsimulia mtu kuhusu simu hizo. Arlene alidhani ni mtu wa bima.

Asubuhi ya mechi timu ilikula ukumbi wa chini wa kanisa, kama ilivyokuwa kawaida ya mji ule, akina mama wa kanisa wakipita na sinia za mayai, soseji na mikate laini ya siagi. Vijana tisini hula kwa kelele, lakini asubuhi ya mechi hula kwa kunong'ona. Kocha alikuwa hajapanga afanye nini. Tangu alfajiri alikuwa akijiambia kwamba goti linatosha, goti ni jambo la busara.

Mlangoni akakutana na Bi Yolette Guidry.

Alikuwa ameendesha gari kutoka Luiziana, mchana kutwa na sehemu ya usiku, amevaa jezi ya mwanawe juu ya sweta la kanisani. Kocha alimkumbuka mara moja. Alikuwa ameketi mezani kwake miaka mitatu iliyopita, akala wali na kamba hadi akalegeza mkanda. Bi Yolette akamshika mikono yote miwili.

"Kocha, umekonda. Mkeo hakupi chakula?"

Akajibu kwamba ni msimu, msimu huwakondesha wote. Akauliza habari za safari, akauliza habari za wadogo zake Thaddeus, mradi asije akaulizwa yeye.

"Na huyu mwanangu," Bi Yolette akasema, akicheka, akimtupia jicho Thaddeus kule mezani, "mmemfanya nini huku? Amekuwa mtoto tena. Alhamisi kanipigia simu mara nne. Mara nne, Kocha, mchana mmoja! Mama, utafika saa ngapi? Namwambia. Haijapita saa moja, simu hiyo: Mama, utafika saa ngapi? Nikamwambia mume wangu, jamani, mtoto ana hamu nami."

Alikuwa na furaha kubwa. Machozi yalimlengalenga. Kocha alimtazama na kusikia sauti ya Lyle, waziwazi, ikiuliza wanacheza na nani wiki hii. Mtu wa namna hii hawekwi benchi. Mtu wa namna hii anapelekwa hospitali. Akaomba radhi, akasema anarudi sasa hivi, akatembea kando ya ukuta akiushika kwa kiganja hadi jikoni, alikokuwa Corinne akijaza barafu kwenye mifuko.

Akamwambia akiwa amesimama, bila kuzunguka. Alama za Guidry za Agosti ni za uongo. Ni yeye aliyewafundisha. Ile karatasi haina maana.

Corinne hakuinua uso. Aliufunga mfuko aliokuwa nao, akakaza fundo, akauweka chini polepole.

"Unawaambia hivyo tangu lini?"

"Siku zote."

"Na mimi nakaa mle ndani Agosti, nawapangia viti." Alijipangusa mikono kwenye aproni. "Msimu huu nimewarudisha uwanjani vijana saba, Verlin. Saba. Nimeweka sahihi yangu. Mmoja wao nilimrudisha siku ile ile aliyogongwa."

Mpaka dakika ile Verlin alikuwa akimwogopea kijana mmoja.

"Wengine ni akina nani?" Corinne akauliza. "Nani alidanganya na nani hakudanganya?"

"Sijui."

"Hujui."

"Niliwaambia wote. Sikumuuliza mtu alichofanya."

Corinne alikuwa ameshatoa simu. Akasema Guidry anaondoka sasa hivi, mama yake atakwenda naye, na kwamba baada ya hapo atampigia mkuu wa chuo, akamtazama Kocha ili aone kama atamzuia. Kocha hakumzuia. Maboksi ya Arlene yalimpita kichwani, yote, na utepe wake wa gundi, kisha yakapita.

"Nenda kawaulize," Corinne akasema. "Kabla hawajavaa helmeti. Mimi wataniogopa. Wewe watakwambia."

Akaenda. Kutoka jikoni hadi katikati ya ukumbi ni hatua ishirini, na alizihisi zote. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama mbele ya vijana asubuhi za mechi na hakuwahi kukosa neno. Aliwahi kuwaliza, aliwahi kuwafanya wapige meza hadi vikombe vikaruka. Sasa walimwona amesimama wakanyamaza wenyewe, wakaweka vikombe chini, wakasubiri watiwe hamasa.

"Nina swali," akasema. "Nataka ukweli, na hakuna atakayepata tabu kwa kusema ukweli. Tabu ni yangu. Mnakumbuka ule mtihani wa Agosti, wa kompyuta. Na mnakumbuka nilichowaambia. Kama uliukosea makusudi, kwa sababu mimi nilisema, inua mkono."

Hakuna aliyesogea. Mama mmoja wa kanisa alisimama na sinia yake, hajui aendelee au arudi. Kocha aliomba kimoyomoyo, na hakujua kama anaomba mikono iinuke au isiinuke.

Mkono wa kwanza ukainuka meza ya nyuma, wa mpiga mateke wa timu, ambaye kazi yake ni kuupiga mpira kwa mguu tu, kijana ambaye hagongwi na mtu. Ukafuata mwingine karibu naye. Kisha wawili kwa pamoja, kisha meza nzima ya walinzi, wakitazamana kwanza. Mikono iliendelea kuinuka bila haraka, ya kushoto na ya kulia, minene, yenye utepe mweupe kwenye vidole, hadi Kocha akaacha kuhesabu. Hata kocha wake msaidizi, aliyekuwa amecheza chini yake chuo cha saba, alikuwa ameinua wake, usawa wa bega, macho sakafuni.

Guidry alikuwa bado anakula. Alikata soseji, akaitafuna, kisha akagundua ukimya. Akaangalia kushoto, akaona mkono juu. Akaangalia kulia. Mlangoni mama yake alikuwa ameweka kiganja kifuani, hacheki tena. Kijana akamwona, uso ukamchangamka, akatabasamu, na polepole akainua mkono wake, uma ukiwa bado kiganjani, na kipande cha soseji kwenye ncha yake.

Kisha akamwinamia jirani yake. "Ameuliza nini?" akanong'ona.

Jirani aliufungua ule mkono kidole kimoja kimoja, akauchukua uma, akauweka sahanini.